Jinsi ya kusanifu injini ya mapigo manne kwa mpangilio wa miaka ya 1880

Wazee waliowahi kushika gobori wanajua kwamba baruti iliyomiminwa ndani ya mtutu bila kushindiliwa kwa mdeki huwaka kwa moshi mwingi na nguvu chache. Injini za mwanzo za mwako wa ndani zilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Étienne Lenoir, aliyepata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mjini Paris mwaka 1860, alivuta gesi ya taa za mjini pamoja na hewa ndani ya silinda hadi pistoni ikafika karibu nusu ya safari yake, kisha akaupiga cheche mchanganyiko huo palepale, bila kuushindilia. Injini ilizunguka na ikapata wanunuzi, lakini hata ilipofanya kazi vizuri kabisa iligeuza takriban asilimia 5 tu ya joto la gesi kuwa kazi. Joto lililobaki lilipotelea katika maji ya kupozea na katika moshi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi au mwanafunzi anayetaka kusanifu, na hatimaye kujenga kwa mkono wake, injini ndogo ya silinda moja kwa mpangilio uliotumiwa na mafundi wa Ulaya kati ya mwaka 1876 na 1890. Unatokana na injini mbili tulizozijenga katika karakana yetu ya mashine za boti hapa Langoni, Lamu, mimi pamoja na vijana ninaowafundisha. Nilianza kazi hiyo kwa sababu niliona kijana anaweza kufungua dizeli ya boti na kuifunga tena kwa miaka mitatu, akajua jina na bei ya kila kipuri, na bado asiweze kueleza kwa nini kipuri hicho kipo. Katika injini ya kale karibu kila kitu kiko nje na kinaonekana kikitembea, na hesabu yake yote huingia katika kurasa mbili za daftari. Jambo ninalomsihi msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: asianze mchoro wake kwa flaiwili, gurudumu zito linalotunza mwendo, wala kwa krankshafti, shafti iliyopindwa ambayo pistoni huizungusha, bali aanze kwa ile nafasi ndogo inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni, kwa maana nafasi hiyo ndiyo inayoamua mchanganyiko utashindiliwa kiasi gani, na sehemu nyingine zote za injini huitumikia hiyo.

Mapigo manne, na kosa la Otto

Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa na gesi. Katika la pili hupanda ikiwa milango yote imefungwa, na kuushindilia mchanganyiko. Cheche hupigwa karibu na kilele, na katika pigo la tatu moto huisukuma pistoni chini. Katika la nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Kwa hiyo krankshafti huzunguka mara mbili ili ipate msukumo mmoja tu, na mapigo mengine matatu hubebwa na uzito wa flaiwili.

Mhandisi Mfaransa Alphonse Beau de Rochas aliyapanga mapigo haya kwa maandishi mwaka 1862, na katika andiko hilo alitaja pia masharti ya injini nzuri: silinda yenye ujazo mkubwa kwa uso mdogo wa kupoteza joto, kutanuka kwa haraka, kutanuka kwingi kadiri iwezekanavyo, na shinikizo kubwa kadiri iwezekanavyo mwanzoni mwa kutanuka. Hakujenga injini. Aliyeijenga ni Nicolaus Otto, katika kiwanda cha Deutz kilichokuwa ng'ambo ya mto, mkabala na mji wa Cologne nchini Ujerumani, mwaka 1876. Kabla ya hapo Otto na mwenzake Eugen Langen walikuwa wakiuza injini ndefu ya kusimama wima, ambayo mlipuko wake uliirusha pistoni juu ikiwa huru, kisha uzito wa pistoni na mgandamizo wa hewa ya nje vikaishusha na kuzungusha shafti. Injini hiyo ya nguvu za farasi 2 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,800 na ufanisi wa asilimia 11. Ile mpya ya mapigo manne, kwa nguvu hizo hizo za farasi 2, ilikuwa na uzito wa kilo 570 hivi, ilizunguka mara 160 kwa dakika, na ufanisi wake ulikuwa asilimia 14.

Inafaa msomaji ajue kwamba Otto mwenyewe hakuieleza sawasawa sababu ya ushindi wake. Aliamini kwamba siri ilikuwa katika kupanga gesi kwa matabaka, tabaka hafifu likae karibu na pistoni ili liupokee mlipuko kama mto, na tabaka zito likae karibu na moto. Wahandisi waliomfuata walionyesha kwamba faida ilitoka katika kushindilia, ambako kwake kulikuwa kwa kiasi kidogo tu: ujazo wote wa silinda ulikuwa mara 2.5 ya nafasi iliyobaki juu ya pistoni. Mwaka 1886 hataza yake ya mapigo manne ilibatilishwa nchini Ujerumani kwa sababu ya lile andiko la Beau de Rochas, na viwanda vingine vikawa huru kujenga. Mimi huwasimulia vijana kisa hiki kwa sababu kinatuonya kwamba injini inaweza kuzunguka vizuri huku aliyeijenga akiwa na maelezo yasiyo sahihi, na kwamba ni kupima tu kunakotenganisha mawili hayo.

Vipimo vikuu

Chagua silinda ya kipenyo cha milimita 50 na pigo la milimita 80. Kipenyo hicho nimekichagua kwa sababu zipo pikipiki za sisi 100 (yaani sentimita za ujazo 100) zenye silinda ya milimita 50, hivyo ringi zake, pete zinazoziba ubavu wa pistoni, zinapatikana madukani na hazihitaji kutengenezwa. Pigo refu kuliko kipenyo ndiyo desturi ya wakati ule: injini ya Karl Benz ya mwaka 1886 ilikuwa na kipenyo cha milimita 90 na pigo la milimita 150, na ile ndogo ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach ya mwaka 1885 ilikuwa na milimita 58 kwa 100. Pistoni ya pigo refu na ya taratibu huvumilia moto unaowaka polepole, nao mafundi wa zamani hawakuwa na moto mwingine.

Eneo la uso wa pistoni ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.1416, yaani sentimita za mraba 19.6. Ukizidisha kwa sentimita 8 za pigo unapata ujazo wa sisi 157. Sasa amua uwiano wa mshindilio, yaani ujazo wote wa silinda ukigawanywa kwa nafasi inayobaki juu ya pistoni. Ukigawanya ujazo wa pigo kwa uwiano uliopunguzwa 1, unapata ujazo wa chumba cha moto. Kwa uwiano wa Otto wa 2.5 chumba kingekuwa sisi 105; kwa 3.5, ambao ndio ninaoupendekeza, ni sisi 63. Kwa hesabu ya injini kamilifu inayotumia hewa tupu, ufanisi kwa 2.5 ni asilimia 31, kwa 3.5 ni asilimia 39, na kwa 8 ni asilimia 56. Injini halisi hupata chini ya nusu ya hizo, lakini mwelekeo ni ule ule, na mtu akiziona namba hizi zikiwa zimepangwa pamoja huelewa mara moja kwa nini kazi ya wabunifu kwa miongo iliyofuata ilikuwa kuongeza mshindilio. Usipite 4 katika injini hii. Hakuna unachokitafuta huko ila mzigo mkubwa zaidi juu ya vyuma vilivyotengenezwa kwa mkono.

Sisi 63 juu ya pistoni ya milimita 50 ni kimo cha milimita 32, ukihesabu pamoja na vijishimo vya valvu, ile milango ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi. Chora kimo hicho kwanza, halafu ushuke chini. Injini ikishafungwa, hakikisha kwa kupima: weka pistoni kileleni, inamisha silinda ili tundu la plagi liwe juu kuliko sehemu nyingine zote, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Sisi 60 au 66 zinakubalika. Zikiwa 80, basi umechora injini moja na kujenga nyingine.

Ukishindilia mara 3.5, shinikizo kileleni ni kama mara 5 ya hewa ya kawaida, na moto ukiwaka laweza kufika mara 15 hadi 18. Kwa eneo la sentimita za mraba 19.6, huo ni mzigo wa kilo 350 hivi juu ya pistoni, sawa na mifuko 7 ya saruji inayodondoka kwa pamoja, mara 250 kila dakika. Kwa sababu hiyo krankshafti iwe ya chuma cha feleji chenye unene wa milimita 22, mkono wake uwe milimita 40, yaani nusu ya pigo, na konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, iwe na urefu wa milimita 180 kutoka tundu hadi tundu. Konrodi fupi huisukuma pistoni ubavuni na kuila silinda upande mmoja.

Usitarajie nguvu nyingi. Kwa mizunguko 500 kwa dakika injini hii itatoa wati 130 hadi 200, yaani kama robo ya nguvu ya farasi. Inatosha kuzungusha pampu ndogo ya maji au kuwasha taa chache.

Silinda na pistoni

Silinda iwe ya chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu, kwa kuwa kina chembe za kaboni zinazosaidia ulainisho na hakikwaruziki upesi. Sisi tulichonga kielelezo cha mbao na kukipeleka Mombasa kusubiwa. Nilimwendea fundi wa milango ya nakshi, nikamkabidhi mchoro na kumwomba aongeze milimita 1 katika kila milimita 100. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, mchoro wasema mia, nawe wataka mia na moja?" Nikamweleza kwamba chuma cha kusubu kinapopoa hunywea kwa karibu asilimia 1, na kwamba penye kukerezwa lazima ziongezwe milimita 3 nyingine za kuondolewa na mashine. Alilielewa jambo hilo haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, akaongeza lake: kwamba pembe zote za ndani zizungushwe zisiwe kali, maana penye pembe kali ndipo mti hupasuka. Chuma nacho hupasuka papo hapo. Mji uliohifadhi siwa, baragumu ya heshima, ya shaba iliyosubiwa na mafundi wa zamani hauna sababu ya kuiogopa kazi ya kalibu.

Asiyeweza kusubisha anaweza kutumia laina kuukuu ya injini, lile bomba la ndani la silinda, akaifunga ndani ya bomba nene la chuma. Pistoni iwe ya chuma cha kusubu pia, ipungue kwa milimita 0.06 hivi kuliko silinda, na iwe na ringi 3. Ringi ikiingizwa ndani ya silinda, ncha zake ziachane kwa milimita 0.15 hadi 0.2. Zikigusana, zitakwama injini ikipata moto.

Valvu

Hapa ndipo penye kazi hasa, na hapa ndipo wengi hushindwa. Lenoir na Otto walitumia milango ya kuteleza, vibao vya chuma vilivyokwenda na kurudi juu ya matundu, kama katika mashine za mvuke. Vibao hivyo vilifaa kwa shinikizo dogo, lakini kadiri mshindilio ulivyoongezeka vilivuja na kukwama kwa joto. Daimler na Maybach walitumia valvu zenye umbo la uyoga, ambazo shinikizo lenyewe huzikandamiza juu ya kikalio chake, kiasi kwamba zikishindiliwa zaidi ndivyo zinavyoziba zaidi. Fuata njia hiyo.

Valvu zote mbili ziwe na kipenyo cha milimita 18. Ukigawanya eneo la pistoni kwa eneo la valvu unapata 7.7. Pistoni yetu hutembea kwa wastani wa mita 1.3 kwa sekunde, hivyo hewa itapita mlangoni kwa mita 10 kwa sekunde, mwendo mdogo usioizuia injini kupumua. Valvu ipande robo ya kipenyo chake, yaani milimita 4.5. Ikipanda zaidi haileti faida yoyote, kwa sababu duara la pembeni linakuwa tayari limelingana na eneo la tundu.

Valvu ya kuingiza haihitaji kusukumwa na kitu chochote. Pistoni ikishuka, hewa ya nje huifungua yenyewe, na springi laini huifunga. Daimler alifanya hivyo, na kwa injini inayozunguka mara 500 njia hiyo inatosha kabisa. Springi hiyo, pamoja na uzito wa valvu, isizidi gramu 150. Ipime kwa mizani ya jikoni: simamisha valvu na springi yake juu ya mizani, bonyeza hadi ianze tu kufunguka, na usome namba. Springi ngumu huinyima injini pumzi, na mtu hubaki akiilaumu gesi.

Valvu ya kutolea moshi lazima isukumwe kwa kamu, yaani kigurudumu chenye nundu, kwa sababu inafunguliwa wakati ndani kungali na shinikizo: kiasi cha kilo 5 hadi 8 juu ya uso wake. Springi yake iwe ya kilo 2 au 3, ili pigo la kuvuta lisiifungue bila idhini. Kamu iko juu ya shafti ya pembeni inayozunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kwa gia mbili, moja yenye meno mara mbili ya nyingine. Valvu ianze kufunguka digrii 40 kabla ya pistoni kufika chini, na ifunge digrii 10 baada ya kilele. Jumla ni digrii 40, na 180, na 10, yaani 230 za krankshafti. Kwenye kamu yenyewe, kwa kuwa inazunguka nusu, ni digrii 115. Kila mwaka yuko mwanafunzi anayechonga kamu ya digrii 230, na injini yake haitoi nguvu yoyote kwa kuwa mlango wa moshi uko wazi karibu theluthi mbili ya muda wote.

Kosa langu katika injini ya kwanza lilikuwa jingine. Nilikereza vikalio vya valvu kwa uangalifu, nikavitazama, nikaviona viking'aa, nikafunga injini. Siku tatu tuliizungusha kwa mkono bila hata mlipuko mmoja. Tulibadilisha plagi, tukabadilisha koili, tukaongeza gesi na kuipunguza. Siku ya nne nikafungua kichwa, nikakigeuza, nikamimina mafuta ya taa juu ya valvu zilizofungwa. Valvu ya kuingiza ilikaa kavu upande wa chini. Ya moshi ilianza kutoa jasho pembeni, tone likajikusanya kwenye shina lake, likadondoka, na jingine likafuata kabla sijahesabu hadi 10. Mng'aro haukuwa dalili ya kuziba. Tangu siku hiyo kila valvu katika karakana yetu husagwa juu ya kikalio chake kwa unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, ikizungushwa mbele na nyuma kati ya viganja na kuinuliwa kila baada ya muda, hadi pete ya rangi ya kijivu isiyokatika ionekane kuzunguka pande zote. Kisha hujazwa mafuta ya taa na kuachwa kwa dakika 5. Tone moja likipita, kazi hurudiwa.

Moto

Otto aliwasha kwa mwali wa gesi uliobebwa ndani ya kibao cha kuteleza hadi mbele ya tundu la silinda. Daimler alitumia kijibomba kilichozibwa ncha moja, kilichochomwa kwa taa ya nje hadi kiwe chekundu: pistoni inaposhindilia, mchanganyiko mpya husukumwa ndani ya kijibomba, hukutana na sehemu nyekundu, na huwaka. Ni uvumbuzi mzuri, nao unaonyesha tena kwamba kushindilia ndiko kunakotenda kazi, kwa kuwa bila huko kijibomba kingebaki kimejaa moshi wa zamani. Injini yake iliweza kufika mizunguko 600 kwa dakika, mwendo mkubwa mno kwa wakati ule. Lakini saa ya kuwaka haiwezi kurekebishwa ila kwa kusogeza taa, na mwali wa wazi karibu na gesi ni hatari ambayo siruhusu vijana waishi nayo.

Tumia njia ya Benz, iliyotokana na ya Lenoir: betri, koili na plagi. Koili ya pikipiki inatosha, na pointi zake, vibati vinavyokata umeme ili cheche ipigwe, ziwekwe kando ya shafti ya kamu ili cheche ipigwe mara moja kwa kila mizunguko miwili. Zifunge juu ya kibati kinachoweza kuzungushwa kidogo. Wakati wa kuwasha, cheche ije pistoni ikiwa kileleni au imeanza kushuka. Injini ikishashika mwendo, iwahishe cheche hadi digrii 10 kabla ya kilele. Ukiacha digrii 10 hizo wakati wa kuwasha, flaiwili inaweza kurudi nyuma kwa nguvu na kuuvunja mkono.

Gesi

Injini za Lenoir na Otto zilitumia gesi ya makaa iliyosafirishwa kwa mabomba ya mji. Sisi tunayo gesi ya kupikia katika mtungi, nayo inafaa. Sehemu moja yake huhitaji sehemu 24 hadi 31 za hewa, kwa kutegemea kiasi cha propani na butani, hivyo mkondo wake ni mwembamba sana. Toboa tundu la milimita 1.5 katika kikalio chenyewe cha valvu ya kuingiza na ulete gesi hapo, ili valvu inapofunga ifunge hewa na gesi kwa pamoja. Kati ya mtungi na injini pawe na rigeta ya kupunguza shinikizo na bilula ya sindano ya kurekebishia.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Injini iwashwe uwanjani au ufukweni, kamwe si ndani ya chumba, wala karibu na kisima au shimo, na bilula iwe mahali ambapo mkono unaifikia bila kuvuka flaiwili. Injini ikizima, funga gesi kwanza, ndipo uulize kwa nini imezima.

Flaiwili, maji na kidhibiti mwendo

Flaiwili mbili, kila moja ya kilo 7, zenye uzito mwingi pembezoni kwa nusu kipenyo cha milimita 130, zitatosha kubeba injini kupitia mapigo matatu yasiyo na nguvu.

Maji yakae katika sanduku lililo wazi juu ya silinda, yachemke taratibu na kupotea kwa mvuke. Kiasi cha lita 1 na kidogo kwa saa kitahitajika injini ikiwa na mzigo. Yasiwe maji ya bahari, wala ya visima vyenye chumvi, kwa kuwa maji yakiondoka chumvi hubaki na kujenga gamba linalozuia joto. Tumia ya mvua, au maji matamu yatokayo katika vilima vya mchanga vya kijiji cha Shela.

Kidhibiti mwendo kinachofaa ni chepesi: vizito viwili vinavyotanuka flaiwili ikienda kasi, vikasukuma ndoano inayoizuia valvu ya moshi isifunge. Mlango huo ukiwa wazi, pistoni hupumua moshi wake yenyewe, valvu ya kuingiza haipati mvuto, na gesi haiingii hadi mwendo upungue. Kwa hiyo injini hulipuka mara moja, ikapumua kimya mizunguko kadhaa, ikalipuka tena. Nahodha mmoja mzee alikaa karibu saa nzima akisikiliza mdundo huo, akasema unamkumbusha mtu anayepiga kasia peke yake.

Kuiwasha

Kabla ya gesi, zungusha flaiwili kwa mkono polepole. Katika pigo la pili utahisi mkono unakataliwa, na ukiachia, flaiwili itarudi nyuma yenyewe hadi ipite nusu mzunguko. Hiyo ndiyo dalili ya pekee ninayoiamini. Isiporudi, hakuna haja ya kufungua mtungi: rudi kwenye valvu, kisha ringi, kisha gasketi ya kichwa.

Ikirudi vizuri, tia oili matone 10 juu ya silinda na katika kila beringi, chelewesha cheche, fungua bilula kidogo kabisa, na uzungushe kwa haraka huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisizungushiwe mpini. Ongeza gesi kidogo kidogo hadi mlipuko wa kwanza. Mlipuko ndani ya eksozi maana yake ni cheche iliyochelewa mno au valvu ya moshi isiyoziba; mlipuko kupitia njia ya hewa maana yake mara nyingi ni gesi chache mno.

Baada ya kazi, funga mtungi, acha injini iimalize gesi iliyomo njiani, kisha umwage maji yake ingali na uvuguvugu. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na uzungushe mara 4, kisha usimamishe pistoni kileleni baada ya pigo la kushindilia, ili valvu zote mbili zibaki zimefungwa. Hewa yetu ya bahari, hasa wakati wa kusi, hutia kutu kwenye kikalio kilichoachwa wazi kwa usiku mmoja, na kikalio hicho ni kile kile ulichokisaga kwa viganja vyako.